Santuri Isiyopigwa: Panki, Mkusanyaji na Hadhira Yake

Mwaka juzi mwanafunzi mwenzangu, kijana wa mwaka wa pili anayejifunza gitaa, alikuja chumbani kwangu kuazima kitabu. Akaiona rafu yangu ya santuri, akavuta moja ndogo ya inchi 7 iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. "Kaka, hii tuipige basi." Nikamwambia hapana, ile haipigwi, sindano itaichuna. Akaigeuza, akaitazama mbele na nyuma, akanirudishia. "Sasa unayo ya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilijifanya natafuta kitabu. Makala haya ndiyo jibu langu, na najua limechelewa.

Santuri yenyewe ni Spiral Scratch ya Buzzcocks, bendi ya Manchester, Uingereza. Ilitoka Januari 1977 ikiwa na nyimbo nne. Ni muziki wa panki. Kwetu ukitaja panki mtu anafikiria kinyozi, na si kosa, kwa kuwa mtindo ule wa nywele ulitoka huko huko. Lakini panki kwanza ni muziki ulioibuka New York na London katikati ya miaka ya 1970: nyimbo fupi, magitaa makali, sauti inayokemea zaidi ya kuimba. Mdogo wake ni indi, kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea, yaani muziki unaotolewa na vijikampuni vilivyo nje ya himaya ya makampuni makubwa. Sisi tuliokaririshwa kujitegemea tangu darasa la kwanza, neno hilo haliwezi kutupita hivi hivi.

Swali ninalotaka kulijadili ni hili: mtu anayekusanya santuri hizi anazisoma vipi? Nasema "anazisoma" kwa makusudi, kwani kukusanya nako ni namna ya kufasiri. Anayeweka kitu kwenye nailoni amekwisha toa hukumu kuhusu maana yake. Hoja yangu ni kwamba wengi wetu, na mimi nikiwa mstari wa mbele, tumezifasiri vibaya.

Jalada kama matini

Tuanze na fani. Buzzcocks hawakusubiri kampuni iwaite. Walikopa kama pauni 500 kwa ndugu na marafiki, wakarekodi nyimbo zote nne siku moja, tarehe 28 Desemba 1976, wakaanzisha lebo yao wenyewe, New Hormones, na kuchapisha nakala 1,000. Picha ya jalada ilipigwa na meneja wao, Richard Boon, kwa kamera ya Polaroid, hapo hapo mjini. Nakala zile ziliisha haraka, wakachapa nyingine, hatimaye wakauza kama 16,000.

Sasa angalia jalada. Kwa kila wimbo wameandika ni jaribio la ngapi lililochukuliwa, na kama kuna sauti iliyoongezwa baadaye. Mhakiki mvivu atasema hayo ni mapambo. Mimi nasema hapo ndipo maudhui yalipo. Santuri za makampuni makubwa huficha jasho. Unaletewa wimbo kama chapati iliyokwisha iva, usijue unga ulikandwa wapi. Hawa wanakuonyesha unga, maji na mikono. Ujumbe wake ni kwamba kazi hii imefanywa na watu, siku moja, kwa hela ya kukopa, na hakuna uchawi hapa.

Wenzao wakauchukua ujumbe huo. Bendi ya Desperate Bicycles ilitoa santuri yake ya kwanza mwaka huo huo wa 1977, kisha kwenye jalada la pili ikatangaza kwamba ile ya kwanza iligharimu pauni 153. Mwaka 1978 Scritti Politti walichapa mchanganuo mzima kwenye jalada: kurekodi kiasi gani, kuchapa kiasi gani, lebo za karatasi kiasi gani. Lilikuwa jarida dogo la mashabiki, Sideburns, mwaka 1977, lililochora namna tatu za kubana nyuzi za gitaa na kumwambia msomaji akaunde bendi. Hilo tu. Wala hawakumfundisha namna ya nne.

Paukwa

Wanafunzi wa fasihi simulizi tuna zana nzuri ya kulielewa jambo hili, ila hatukuzoea kuipeleka huko. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kwenye Mulika, alitufundisha kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba fanani, hadhira, mahali na wakati vyote vimo ndani ya kazi yenyewe. Ukiiondoa hadhira umebaki na maganda. Naye Ruth Finnegan, ambaye kila aliyepita idara hii amemnukuu kwa kitabu chake cha 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, mwaka 1989 alitoa kitabu kingine ambacho sisi hatukisomi: uchunguzi wa wanamuziki wa mtaani katika mji wa Milton Keynes, Uingereza. Mtaalamu yule yule aliyewasikiliza watambaji wa Walimba wa Sierra Leone akakaa kuwasikiliza vijana wa rock wakifanya mazoezi ya jioni baada ya kazi, akawapa uzito ule ule. Kama yeye aliweza kuvuka, kwa nini sisi tusivuke?

Basi tuvuke. Bibi akisema "Paukwa!", hadithi haijaanza. Inaanza pale watoto wanapojibu "Pakawa!" Wakinyamaza, bibi atasema tena, na wakizidi kunyamaza atakwenda zake kulala. Naamini santuri ya panki ni "Paukwa" iliyochapwa kwenye plastiki. Jalada linalotaja gharama halikuambii "nitunze." Linakuambia: nimesema, zamu yako. Jibu lake halali si lazima liwe bendi. Laweza kuwa jarida, onyesho, ugomvi, hata kumpigia mwenzio asikie. Kitu kimoja tu si jibu, nacho ni kimya.

Mkusanyaji

Mwaka 1995 Nick Hornby alitoa riwaya ya High Fidelity. Mhusika mkuu, Rob, ana duka la santuri kaskazini mwa London, na yeye mwenyewe ni mkusanyaji. Alipoachwa na mpenziwe, anazipanga upya santuri zake zote kwa mfuatano wa namna alivyozinunua, ili rafu iwe historia ya maisha yake. Wahakiki wengi wamecheka hapo. Mimi sikucheka, nilijiona. Kuna mahali pengine Rob anaitwa na mwanamke aliyetelekezwa, anayetaka kuuza hazina ya santuri za mumewe kwa pauni 50 tu. Rob, mfanyabiashara asiye na hela, anashindwa kuichukua kwa bei hiyo ya bure. Anamwonea huruma mume asiyemjua, msaliti, kwa sababu tu ni mkusanyaji mwenzake. Na mke je? Uchungu wake Rob anausikia kwa sikio la pili. Hapa Hornby ametugusa penye kidonda: mkusanyaji hujifunza kuwahurumia watu kwa kupitia vitu vyao, mwishowe anawahurumia walio na vitu tu.

Nami niungame. Nilikaa London miaka michache nikisoma, usiku nikisafisha ofisi. Nilijifunza lugha yote ya wakusanyaji. Kwa mfano, Spiral Scratch iliyochapwa upya mwaka 1979 imeongezwa jina la Howard Devoto kwenye jalada la mbele, kwani alikuwa amekwisha iacha bendi na kujulikana kivyake. Kwa hiyo ukiliona jina hilo hapo mbele, unairudisha kwenye kasha na kuondoka. Nyimbo ni zile zile! Sauti ni ile ile! Lakini sisi tulikuwa tunaipita kama mtu apitavyo samaki aliyelala.

Novemba 2002 Fugazi, bendi ya Washington, walikuja kupiga London, ukumbi wa Forum. Juma hilo hilo nikaipata Spiral Scratch ya 1977, isiyo na jina mbele. Hela niliyokuwa nayo ilitosha kimoja. Nikajiambia santuri nikiiacha itachukuliwa, lakini bendi itarudi tu. Nikanunua santuri. Fugazi walipumzika baada ya hapo na hawajapiga hadharani tena. Onyesho lao la mwisho lilikuwa pale, tarehe 4 Novemba, na nilikuwa nakaa mwendo wa basi moja kutoka pale.

Msomaji asidhani kwamba dawa ni kuchoma. Tarehe 26 Novemba 2016, Joe Corré, mtoto wa Malcolm McLaren aliyekuwa meneja wa Sex Pistols, alichoma mkusanyiko wake wa vitu vya panki ndani ya mashua, mtoni Thames, akisema una thamani ya pauni milioni 5. Alikuwa anapinga sherehe za miaka 40 ya panki, kwamba waasi wamegeuzwa urembo wa makumbusho. Hoja yake naielewa. Lakini na yeye alitaja bei kwanza. Aliyechoma na aliyefunga kwenye nailoni wamekubaliana kwamba maana ya kitu ni thamani yake, wamegombana juu ya kiberiti tu.

Onyeshoni

Tarehe 4 Juni 1976 vijana wawili, Howard Devoto na Pete Shelley, ambao ndio walioanzisha Buzzcocks, waliwaleta Sex Pistols Manchester katika ukumbi wa Lesser Free Trade Hall. Kiingilio kilikuwa senti 50 za pauni. Waliohudhuria walikuwa wachache, kama arobaini hivi, ila ukiwahesabu waliodai baadaye kwamba walikuwepo, ukumbi ungepasuka. Watu wanalicheka jambo hili kama uongo wa ulevini. Mimi naliona ni ushahidi. Hakuna anayedanganya kwamba alikuwa na santuri fulani kwa uchungu kama anavyodanganya kwamba alikuwepo. Moyoni kila shabiki anajua kipi ni kazi na kipi ni kumbukumbu ya kazi. Hata wazee wetu wa dansi ndivyo walivyo. Muulize kuhusu wimbo, atakuambia ukumbi, usiku ule, na aliyekuwa naye.

Fugazi walilijua hilo. Walishikilia kiingilio cha dola 5 kwa miaka mingi, wakapiga mahali ambapo hata mtoto wa shule anaruhusiwa kuingia, na mtu akileta fujo ya kuumiza wenzake walisimamisha muziki, wakamtoa na kumrudishia dola zake. Hapo hadhira si umati wa wateja. Ni sehemu ya kazi, nayo inawajibika.

Lakini hapa hoja yangu inapata mwiba, na sitauficha. Bendi hiyo hiyo ilirekodi maonyesho yake zaidi ya 800, na tangu 2011 imeyafungua kwa umma, moja baada ya jingine, kwa bei ile ile ya dola 5. Ni wakusanyaji kuliko mimi! Nimesikiliza mengi humo. Unasikia bendi ikigombana na ukumbi, unasikia mtu akipayuka nyuma, unasikia wimbo ukikosewa. Na Spiral Scratch nayo isingechapwa tena mwaka 2017 kama hakuna aliyejali kuikumbuka. Kwa hiyo siwezi kusema kuhifadhi ni usaliti, vinginevyo tuichome na maktaba ya fasihi simulizi tuliyoikusanya kijiji kwa kijiji. Tofauti iko hapa: wao wamehifadhi ili mtu aingie, mimi nilihifadhi ili mtu asiguse. Kitendo kinafanana, maana zake ni mbalimbali.

Hitimisho

Wapo watakaosema nimelikuza jambo dogo, kwamba santuri ni bidhaa kama bidhaa nyingine na mkusanyaji ni mlaji tu mwenye rafu kubwa. Ni kweli kwa kiasi fulani. Mwaka 2022 nchini Marekani santuri ziliuzwa kwa wingi kuliko CD, milioni 41 kwa milioni 33, jambo ambalo halikutokea tangu 1987, na sidhani wote walionunua walikuwa na mashine ya kupigia. Lakini maelezo hayo ya bidhaa hayajibu swali la yule kijana. Yeye hakuuliza inauzwaje. Aliuliza ni ya nini.

Mwezi uliopita nilimwita. Nikaitoa kwenye nailoni, nikaifuta, nikashusha sindano mwenyewe kwa mkono uliotetemeka. Alisikiliza akiwa amesimama. Kwenye wimbo wa "Boredom", gitaa lilipofika mahali pa kujitamba, likapiga noti mbili, mbili zile zile, tena na tena, akanitazama.

"Mbili tu?"

"Mbili tu."

Akaomba tuirudishe. Tukairudisha mara nne, na mara ya nne nilisikia mkwaruzo ambao mwanzoni haukuwepo. Yeye hakuusikia, alikuwa anatafuta noti hizo kwa vidole hewani. Kisha akaaga haraka na kuondoka, na kile kitabu alichokuwa amekuja kukiazima mwaka juzi hakukikumbuka.

Santuri nimeirudisha kwenye nailoni. Sijapona kabisa. Ila mfuko sasa nimeuacha wazi juu.