Wapi Kitabuni? Hoja na Ushahidi katika Uhakiki wa Kinjeketile

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kusahihisha insha ya fasihi iliyosheheni sifa za wahusika lakini ikakosa hata tukio moja la kuzishadidia. Mwanafunzi anaandika kwamba mhusika ni katili, mbinafsi, mnafiki na mwenye tamaa, kisha anaweka nukta na kuanza aya nyingine. Ukimwuliza amejuaje, anakujibu kwamba ndivyo alivyo. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii huenda ikafaa barazani. Katika uhakiki, lisemwalo halina budi kuonyeshwa lilipo.

Kosa hili si la wanafunzi peke yao. Nami nimelifanya, tena mbele ya darasa. Miaka kadhaa iliyopita niliwasomesha wanafunzi wa Kidato cha Tatu tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka wa 1969. Haikuwa kitabu cha kutahiniwa. Tuliisoma kama ziada. Niliwaambia pasi na shaka kwamba Kinjeketile ni mwongo anayewahadaa watu wake kwa maji yasiyo na nguvu. Hoja hiyo niliitoa katika daftari langu la chuoni. Msichana mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, ni wapi kitabuni anapodanganya?" Nilimjibu kwamba maji hayakuzuia risasi, na hilo latosha. Aliketi, nasi tukaendelea. Jioni nilikifungua kitabu nikautafuta ushahidi wangu. Sikuupata.

Hebu tuipime hoja yenyewe. Ni kweli kwamba maji hayazuii risasi na kwamba wapiganaji wanaangamia. Je, hilo linathibitisha nini? Linathibitisha kwamba imani ya watu ilikuwa na kasoro. Halithibitishi kwamba Kinjeketile aliwadanganya. Mwongo ni mtu anayesema jambo huku akijua kuwa si kweli. Kwa hivyo, anayemwita Kinjeketile mwongo ana jukumu la kutuonyesha kwamba alijua, na kwamba alijua wakati alipokuwa akisema. Ushahidi unaweza kuwa wa kweli kabisa na bado usiihusu hoja unayodai kuitetea. Hili ndilo kosa linalotuponyoka zaidi tunaposahihisha, kwa kuwa mwanafunzi ametaja tukio lililomo kitabuni nasi tunampa alama.

Tamthilia yenyewe inatuelekeza kwingine. Anapotoka mtoni Kinjeketile anazungumza kama mtu aliyepagawa. Anatangaza umoja na ushindi, lakini pia anatamka kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Fahamu zinapomrudia, na kutambua aliyoyasema, anafadhaika. Anajiuliza itakuwaje watu wamwondoe Mjerumani kisha wawe chini ya mtawala mwingine. Mwongo hashtushwi na uongo alioutunga mwenyewe. Isitoshe, anamfungulia Kitunda moyo wake na kulalamika kwamba neno likishazaliwa na mtu hukua hadi likamtawala aliyelizaa. Vijana wanapotaka kuvamia mara moja, yeye anawataka wasubiri. Tapeli angefurahia pupa yao.

Mwisho wa tamthilia ni ushahidi mzito zaidi. Kinjeketile yumo mikononi mwa Wajerumani na anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Sababu anayoitoa haihusu nguvu za maji: anahofia kwamba kukiri kwake kutageuzwa kuwa somo kwa watoto wa kesho, waambiwe kwamba baba zao walikosea kupigania nchi yao.

Hata hivyo, mhakiki mwaminifu hatafuti tu yanayomfaa. Kuna ushahidi unaomlemea Kinjeketile pia. Shaka zake anamweleza Kitunda. Wapiganaji wanaambiwa wasubiri tu. Wanakwenda vitani wakiyategemea maji ambayo yeye mwenyewe ameanza kuyaonea wasiwasi. Basi hoja inayosimama ni hii: Kinjeketile hakuwadanganya watu alipotoka mtoni, lakini anabeba lawama kwa kutowaambia bayana yaliyomsumbua baadaye. Hoja hii ni nyembamba kuliko ile ya daftari langu, lakini ina miguu.

Lipo tatizo jingine. Baadhi ya wanafunzi huleta historia kama ushahidi. Vita vya Maji Maji vilipiganwa kusini mwa Tanganyika mwaka wa 1905 hadi 1907, na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mapema Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Maarifa haya yanafaa kueleza usuli wa kazi. Lakini Hussein mwenyewe amebainisha kwamba Kinjeketile wake ni mtu wa kubuni, si yule wa historia. Tukitaka kujua alichofikiri mhusika, tusimwulize mwanahistoria. Tuulize mazungumzo, matendo na maelekezo ya jukwaani. Aidha, katika tamthilia tuangalie nani anasema. Maneno ya adui kuhusu mhusika si sawa na kauli ya mtunzi. Ndiyo maana swali la dondoo hudai msemaji, msemewa, mahali na sababu. Wanafunzi huyakariri manne haya ili wapate alama nne, bila kujua kwamba ndiyo mizani ya kupimia ushahidi wowote ule.

Napendekeza kwamba kila hoja inayotolewa darasani, iwe ya mwanafunzi, ya mwongozo au ya mwalimu, iulizwe maswali matatu. Ni wapi kitabuni? Je, tukio hilo linathibitisha hasa hilo linalodaiwa? Je, kuna sehemu nyingine inayolipinga? Swali la tatu ndilo gumu, nalo ndilo linalomtofautisha mhakiki na mkariri. Miongozo imetusaidia sana, hasa pale nakala za vitabu ni haba. Lakini mwongozo nao ni uhakiki wa mtu, na mtu huyo anastahili kuulizwa kama sisi.

Kesho yake nilirudi darasani nikawaambia wanafunzi kwamba sikuupata ukurasa. Walicheka, kisha wakafungua vitabu. Hoja ya kwamba Kinjeketile alinyamaza pale alipopaswa kusema ilitolewa na msichana yuleyule, naye alitutajia ukurasa kabla sijamwuliza. Ninaisimulia habari hii ili wewe, msomaji, ukiulizwa swali kama lile, usijibu haraka kama mimi. Fungua kitabu kwanza.