Picha za Gari la Moshi la Hijazi: Zasema Nini, Zanyamaza Nini?



Huenda umepata kuziona, katika kalenda au katika vitabu vya safari, picha za gari la moshi la zamani likikata jangwa la Jordan. Kichwa cheusi chang'ara, moshi umetanda mbinguni, na chini pameandikwa kwamba hiyo ndiyo reli ya Hijazi. Wapigaji wengi ni wageni waendao Amman, ambako vichwa kadhaa vya mvuke vimetunzwa na vimekuwa vikiwashwa kwa ajili ya watalii. Hukumu ya picha si maudhui yangu leo. Chuma hakina roho. Nataka tupime ukweli wake.

Tuanze kwa insafu. Zimo zilizo nzuri, khasa zile zilizopigwa penye daraja la mawe la matao kumi, karibu na Amman. Hapo treni huonekana ndogo, na macho hubaki juu ya mawe yaliyopangwa na mafundi wa dola ya Uthmaniya. Mpigaji wa namna hii amejua cha kutazama.

Nyingi si hivyo. Kwanza, moshi wenyewe. Mchochea moto hodari husifiwa kwa moshi mwepesi. Moshi mzito mweusi ni mafuta au makaa yaliyopotea bila ya kuungua sawasawa. Lakini katika reli za ukumbusho, nchi nyingi, wapigaji huomba moshi uzidishwe, na treni hurudishwa nyuma ipite tena mbele ya kamera. Basi kinachosifiwa ndani ya picha ni kile kile ambacho fundi angekionea haya.

Pili, umri. Maandishi ya chini hupenda kumtaja Lawrence, yule Mwingereza aliyeshiriki kuilipua reli hii mwaka 1917 na 1918. Lakini Lawrence alikufa 1935, na vichwa mashuhuri vya Amman viliundwa baada yake: kimoja Ubelgiji mwaka 1955, kingine Japani mwaka 1959. Hata treni inayolipuliwa katika sinema yake ya 1962 ililipuliwa Uhispania! Mtazamaji huuziwa kumbukumbu ya chombo ambacho hakikuwako.

Tatu, nalo ndilo zito kwangu: picha hizi zanyamaza juu ya walioitoa reli hii mifukoni mwao. Sultani Abdulhamid wa Pili aliitangaza mwaka 1900, na mwaka 1908 ikafika Madina kutoka Damaski, mwendo wa kiasi cha kilomita 1,300. Safari iliyowachukua mahujaji siku arubaini hivi juu ya ngamia ikawa ya siku chache. Michango ilitoka kwa Waislamu wa nchi mbali mbali, India ikiwamo. Hata fedha za ngozi za wanyama wa Idi zilitiwa humo. Wala tusipambe: watumishi wa dola walikatwa mishahara, na askari ndio waliochimba na kutandika. Mwenye kutoa kwa hiari na mwenye kukatwa, wote wamo katika reli ile, na wote hawamo katika picha.

Mtu atasema, "Kamera hunasa kilicho mbele yake, sadaka haina sura." Ni kweli. Lakini zipo stesheni za mawe njia nzima, yapo madaraja, na upo mkono wa mwenye kuandika maneno ya chini. Aliyepata nafasi ya kumtaja mlipuaji hakukosa nafasi ya kumtaja mjenzi. Kuchagua shahidi mmoja na kumfungia mlango mwingine si ushahidi kamili, na sisi twajua uzito wa kuficha ushahidi.

Simwambii mtu azichane picha hizi. Ziangalie, na mwonyeshe mwanao. Uzuri wa chuma kilichoundwa kwa akili ni neema. Lakini akikuuliza ni treni ya nani, usimjibu kwa maandishi ya chini. Mwambie ilikuwa njia ya mahujaji, ambayo Waislamu wengi waliihesabu kuwa wakfu. Kwamba vita viliivunja, na kusini yake haijarudi kuwafikisha mahujaji Madina. Kisha mwulize: katika wakfu wa mtaa wetu, msikiti, kisima, chuo, ni nani waliotoa? Asipojua, basi kunyamaza hakuko kwa wapiga picha peke yao.

Wabillahi tawfiq.