Fundi wa Picha na Faili Lililogoma

Katika mji mdogo kama Kiomboi, wilayani Iramba, fundi wa picha hupimwa kwa mambo mawili: picha zimetoka vizuri, na zimetoka mapema. Kazi yake ya tatu haionwi na mteja, nayo ndiyo inayostahili sifa kuliko zote, yaani kulifungua faili ghafi (RAW) linapogoma na kulitunza baada ya wenye harusi kuondoka na picha zao. Kazi hiyo inadharauliwa siku hizi. Tumewazoesha vijana wetu kuamini kwamba ufundi ni kubonyeza kitufe, kisha kurusha picha WhatsApp kabla sherehe haijaisha.

Chukua kamera mbili, Canon 200D ya mwaka 2017 na 250D ya mwaka 2019. Ukiziweka meza moja, asiyezizoea hatazitofautisha. Lakini ya kwanza huandika mafaili ya CR2 na ya pili huandika CR3, muundo ambao Canon iliuleta mwaka 2018. Programu ya kuhariri picha ya Lightroom 6 nayo, toleo la mwisho lililonunuliwa mara moja bila malipo ya kila mwezi, ilipata maboresho yake ya mwisho Desemba 2017. Basi studio iliyobadilisha kamera ikaiacha programu ileile hujikuta na picha za kipaimara zinazoonekana vizuri kwenye kioo cha kamera, ila zikihamishiwa kwenye kompyuta hazifunguki. Mwenye pupa hubadilisha herufi za mwisho za jina la faili, CR3 akaiandika CR2, jambo ambalo haligusi chochote ndani ya faili. Mwenye pupa zaidi husema kadi imekufa, akaifomati. Fundi hasa hutulia. Anajua kwamba kinachoonekana kwenye kioo ni JPEG iliyowekwa ndani ya faili ghafi, kwa hiyo hakithibitishi kuwa faili lote ni zima. Anatazama ukubwa: likiwepo lenye megabaiti mbili tatu katikati ya mengine yenye zaidi ya 20, hilo limekatika njiani, analinakili upya kutoka kwenye kadi. Yakilingana yote, anaacha kuishuku kadi na kuishuku programu. Anayajaribu kwenye Digital Photo Professional, ambayo Canon huitoa bure, kisha anayageuza kuwa DNG, muundo ambao Adobe iliutangaza mwaka 2004 na kutoa kigeuzi chake bure. Lightroom ileile iliyoikataa CR3 huipokea DNG hiyo. Na mafaili ya asili hayafuti.

Watasema mteja wa Kiomboi hajali hayo, anataka picha tu. Ni kweli hajali, kama asivyojali nondo zilizomo ndani ya ukuta wa nyumba yake. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi la biti 14 lina 16,384. Bibi harusi mwenye ngozi nyeusi na shela jeupe, akipigwa picha nje ya kanisa jua la saa saba, anazihitaji ngazi hizo ili uso usizame gizani na shela lisipotee kwenye weupe. Watasema pia kwamba diski ni ghali na bando la kupakua kigeuzi linauma. Hoja hiyo ina uzito, na hakuna wa kumlaumu fundi anayechagua picha thelathini za harusi na kuacha nyingine. Lakini kuchagua si kufuta kadi nzima kwa sababu Jumamosi ijayo kuna harusi nyingine.

Hoja ya kwamba viwanda vya kamera ndivyo vyenye makosa naikubali nusu. Kampuni nyingi huja na miundo yao, na maelezo yake huyafungia ndani. Ndiyo maana kuanzia mwaka 1997 Dave Coffin alilazimika kuifumbua miundo hiyo mmoja baada ya mwingine ili dcraw, programu yake ya bure, iweze kuisoma. Programu nyingi za bure zilijengwa juu ya kazi yake. Lakini mtu kama huyo hawezi kumsaidia aliyekwisha kufuta. Hapo ndipo zama za negativi zinapotuaibisha. Mwaka 2015, katika shirika la utangazaji la Uganda, lilifunguliwa kabati lenye negativi zipatazo 70,000, nyingi za miaka ya Idi Amin. Zilikuwa zimesahaulika, na hata hivyo mtu aliweza kuinua mkanda dirishani akaona uso. Watoto waliopata kipaimara Iramba miaka kumi iliyopita wameachiwa picha zilizobanwa na WhatsApp, katika simu ambazo nyingi zimekwisha kuuzwa, na fundi aliyewapiga hana hata faili moja la kugoma kufunguka.