Kazi Kabla ya Mtu: Jinsi Afrika Kusini Ilivyompata Kocha Mkuu wa Raga Mwaka 2018

Uteuzi wa kocha mkuu wa timu ya taifa ya raga hujadiliwa zaidi kama ushindani wa majina, ilhali uzito wake umo katika maswali yanayopaswa kutangulia majina hayo, yaani kocha atapewa muda gani, atawajibika kwa nani, wasaidizi wake watateuliwa na nani, na ni wachezaji gani atakaoruhusiwa kuwaita kambini. Uteuzi wa Rassie Erasmus kuwa kocha mkuu wa Springboks, timu ya taifa ya Afrika Kusini, uliofanyika Machi 2018, unastahili kuchambuliwa kwa makini kwa sababu chama cha raga cha nchi hiyo kiliunda kwanza kazi yenyewe, kisha kikaikabidhi kwa mtu, na matunda ya mpangilio huo yakaonekana katika Makombe ya Dunia mawili mfululizo.

Hali iliyorithiwa haikuwa nyepesi. Kocha aliyetangulia, Allister Coetzee, aliteuliwa Aprili 2016, takriban miezi miwili tu kabla ya mechi yake ya kwanza ya Test, jina ambalo katika raga hupewa mechi rasmi baina ya timu za taifa. Hakuwa mgeni katika ngazi hiyo, kwani alikuwa msaidizi wa Jake White timu ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 2007, na baadaye aliinoa Stormers ya Cape Town kwa misimu kadhaa. Pamoja na hayo, katika mechi 25 alizosimamia, timu ilishinda 11, ikatoka sare 2 na kupoteza 12, ikiwemo ile ya Novemba 2016 mjini Florence, ambapo Italia iliifunga Afrika Kusini kwa mara ya kwanza katika historia, kwa 20–18, na ile ya Septemba 2017 huko Albany, ambapo Nyuzilandi ilishinda kwa 57–0. Rekodi hii inaonyesha kwamba sifa za mtu, hata zikiwa nzuri, hazifidii peke yake ufupi wa maandalizi.

Hatua ya kwanza ya chama hicho haikuwa kutafuta kocha mwingine, bali kumrejesha Erasmus kutoka klabu ya Munster ya Ayalandi mwishoni mwa mwaka 2017 na kumpa cheo cha mkurugenzi wa raga kwa mkataba wa miaka sita, hadi Kombe la Dunia la 2023. Mkurugenzi wa raga ni msimamizi wa mfumo mzima wa timu za taifa, kuanzia vikosi vya vijana hadi kikosi cha kwanza, na kwa hiyo macho yake huwa kwenye vizazi vya wachezaji, wakati kocha mkuu hupimwa kwa mechi ya Jumamosi inayofuata. Ni baada ya Coetzee kuondoka Februari 2018 ndipo Erasmus alipoongezewa ukocha mkuu, huku akibaki na cheo chake cha kwanza. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na hatari hiyo huwepo kila mahali mkurugenzi na kocha wanapogawana madaraka bila mipaka, lakini hapa iliepukwa kwa kuviweka vyeo vyote viwili mikononi mwa mtu mmoja katika kipindi cha mwanzo, wakati maamuzi yalihitaji kasi na sauti moja.

Sifa za Erasmus zililingana na kazi iliyokuwa imeundwa, na hapo ndipo hekima ya kutanguliza kazi inapoonekana. Alikuwa amecheza mechi 36 za Test akiwa fowadi wa safu ya nyuma ya skramu, ambayo ni msukumano wa mafowadi wanane kwa wanane unaoanzisha upya mchezo baada ya makosa madogo. Alikuwa ameifundisha Cheetahs iliyotwaa Currie Cup, shindano la majimbo, mwaka 2005. Na kati ya 2012 na 2016 alikuwa mtumishi wa chama chenyewe katika idara ya kuendeleza viwango vya juu, hivyo aliufahamu mtandao wa makocha na vijana wa majimboni. Alikuja pia na watu aliokwisha kufanya nao kazi, hasa Jacques Nienaber, mtaalamu wa fiziotherapia aliyegeuka kuwa kocha wa ulinzi, na Aled Walters, msimamizi wa mazoezi ya mwili, huku akimbakiza Matt Proudfoot, aliyekuwa na mafowadi tangu 2016, ili kumbukumbu ya kikosi isipotee.

Mamlaka bila nyenzo huwa jina tupu, na nyenzo kuu ya kocha wa taifa ni wachezaji. Mwaka 2017 chama kilikuwa kimeweka kanuni iliyowazuia wachezaji wa klabu za nje kuitwa isipokuwa wawe wamefikisha mechi 30 za Test, kanuni ambayo iliondolewa mapema mwaka 2019, na tayari katika msimu wa 2018 walikuwa wamerejea kikosini watu kama Faf de Klerk, Willie le Roux na Duane Vermeulen, ambao baadaye walikuwa nguzo za timu ya ubingwa. Upande mwingine ulikuwapo mpango wa mageuzi, yaani lengo la kuwapa nafasi sawa wachezaji weusi ambao historia ya ubaguzi wa rangi iliwafungia milango, na mpango huo ulilenga nusu ya kikosi kufikia 2019. Mei 2018 Erasmus alimteua Siya Kolisi kuwa nahodha, Mwafrika mweusi wa kwanza kuiongoza timu hiyo katika mechi za Test, na hatua hiyo ilionyesha kwamba kocha aliyehakikishiwa muda anaweza kuyachukulia mageuzi kuwa sehemu ya ujenzi wa timu, badala ya kuyaona kama sharti la kukwepwa.

Kipimo cha kweli cha mpangilio huo kilikuja pale matokeo yalipokuwa ya wastani. Mwaka 2018 timu ilicheza mechi 14, ikashinda 7 na kupoteza 7, ingawa miongoni mwa ushindi huo ulikuwamo wa 36–34 dhidi ya Nyuzilandi mjini Wellington. Coetzee mwenyewe, mwaka uliotangulia, alishinda 7 kati ya 13 na kutoka sare 2, kwa hiyo mtu aliyetazama jedwali peke yake asingeona maendeleo yoyote. Kwa kuwa mkataba ulitazama miaka sita, mechi hizo zilihesabika kuwa gharama ya kupanua kikosi, na mwaka uliofuata Afrika Kusini ikawa timu ya kwanza kutwaa Kombe la Dunia baada ya kupoteza mechi ya makundi, ikiishinda Uingereza 32–12 katika fainali ya Yokohama.

Njia nyingine zilikuwapo, na kulinganisha kunasaidia. Mwaka 2019 Nyuzilandi iliunda jopo la watu watano, akiwemo Graham Henry, kocha wa ubingwa wa 2011, na Waimarama Taumaunu, aliyewahi kuifundisha timu ya taifa ya netiboli, ili kuchagua kocha mkuu kati ya Ian Foster na Scott Robertson. Utaratibu huo ulikuwa na uwazi ambao uteuzi wa Afrika Kusini haukuwa nao, lakini Foster alipewa miaka miwili tu kwa kuanzia, na hata baada ya kuongezewa muda, mrithi wake alitangazwa Machi 2023, miezi sita kabla ya Kombe la Dunia. Jopo linaweza kuhakikisha haki katika kuchagua, lakini haliwezi kumpa kocha utulivu ambao mkataba wake haukumpa.

Mpangilio wa Afrika Kusini nao una udhaifu unaopaswa kutajwa bila kuficha. Januari 2020 Nienaber alipandishwa kuwa kocha mkuu, Erasmus akabaki mkurugenzi, na mgawanyo huo ulithibitisha faida yake wakati Erasmus alipofungiwa na World Rugby, shirikisho la raga duniani, Novemba 2021 kwa sababu ya video yake ya kumkosoa mwamuzi, kwani timu iliendelea na kazi chini ya mtu mwenye mawazo yaleyale, na mwaka 2023 ikatetea ubingwa kwa kuifunga Nyuzilandi 12–11 mjini Paris. Hata hivyo, Nienaber alipohamia timu ya Leinster ya Ayalandi, ukocha mkuu ulirudi kwa Erasmus mwaka 2024. Mfumo ulioanzishwa kwa kuitanguliza kazi mbele ya mtu umejibu vyema maswali ya muda, wasaidizi na wachezaji, lakini swali la urithi bado linajibiwa kwa jina lilelile, na chama kitakachotaka kuiga mfano huu kinapaswa kuandika mpango wa mrithi katika mkataba uleule wa kwanza, wakati mwasisi angali na nguvu za kumlea.