Gari Linalosema na Kiganja

Kabla ya kuukunja waya, fundi huunyoosha. Nimemtazama mzee mmoja wa Bulla Pesa, mjini Isiolo, akifanya kazi hiyo alasiri nyingi, na sijamwona akiiharakisha hata siku moja. Huchukua kipande cha waya wa ua kilichotupwa, akakilaza juu ya jiwe bapa, akakigonga kwa nyundo ndogo huku akikizungusha kwa vidole vya mkono wa pili. Kisha hukiinua usawa wa jicho, akakielekeza angani, akakikagua toka ncha hadi ncha. Akiona pindo, hukirudisha jiweni. Waya uliobaki na pindo la zamani, anasema, utakunjika tena palepale, na gari litachechemea maisha yake yote.

Gari analolisema ni gari la waya, lile ambalo watoto wa Afrika Mashariki wamelisukuma vizazi na vizazi: chesisi ya waya mnene, magurudumu yaliyokatwa kwenye soli za slipa kuukuu, na fimbo ndefu inayopanda kutoka ekseli ya mbele hadi kifuani mwa mtoto, ikaishia na usukani wa mviringo. Mtoto hukimbia nyuma yake, akilisukuma na kuliongoza kwa mkono uleule.

Isiolo ni mahali pake hasa. Huu ni mji wa mikono inayojua madini. Wasafiri wa njia ya kaskazini wamezoea kuuziwa hapa bangili za shaba na aluminiamu. Tena ni mji wa malori. Kwa miongo mingi lami ilikoma hapa, na mbele yake ilikuwa vumbi, mawe na matuta madogo madogo yanayotikisa meno, karibu kilomita 500 hadi Moyale. Malori yalirudi kutoka huko yamejaa ng'ombe na mbuzi, na juu ya vyuma vya bodi wamekaa abiria waliojifunga vilemba dhidi ya upepo. Mzee huyu alikuwa tanboi wa malori hayo ujanani. Ndiyo maana magari yake ya waya si ya starehe. Ni malori ya mifugo, yenye bodi ndefu, vyuma vya kukalia juu, na tumbo lililoinuliwa mbali na ardhi.

Siri ya lori lake iko mahali padogo: kile kitanzi cha juu ya kichwa cha gari, ambamo fimbo ya usukani hupita kabla ya kuteremka hadi ekseli. Kitanzi kikibana, kona inakuwa nzito na mtoto huchoka bega. Kikilegea, magurudumu ya mbele hutetemeka na gari hukosa njia. Mzee hukizungushia waya mwembamba wa shaba uliotolewa kwenye mota iliyoungua, akageuza fimbo, akasikiliza, akafungua mzunguko mmoja, akageuza tena. Nimemhesabia mara tisa kwa kitanzi kimoja. Maungio ya chesisi huyafunga kwa vipande vya blada vilivyovutwa hadi vikawa vyembamba, kwa sababu, asemavyo, waya ukifungwa kwa waya hupiga kelele, na kelele ni dalili kwamba kitu kinalika. Mpira hunyamazisha, na unapolegea hufungwa upya bila kukata chochote.

Likizo ya Desemba alikuja mtaani kijana kutoka Nairobi kumtembelea nyanya yake, na mkononi alikuwa na gari la rimoti. Lilikuwa zuri kweli: jekundu, matairi yenye meno, taa za mbele zinazowaka. Sote tulilipenda. Kuongoza chombo kutoka mbali bila kukigusa ni ndoto ya siku nyingi. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwashangaza watu wa New York kwa mashua ndogo iliyotii mawimbi ya redio ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden. Mwaka 1976 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari lake la kwanza la kuongozwa kwa redio, Porsche 934, na tangu hapo mchezo huo umeenea duniani. Una hata wazee wake: wapo wanaoitunza Hornet ya Tamiya, muundo wa 1984, na kuiingiza uwanjani dhidi ya magari ya leo yenye betri za lithiamu na mota zenye nguvu maradufu. Nawaelewa kabisa. Lakini gari la kale kuliko yote ya kuongozwa kwa mbali, kwangu mimi, ni hili la Bulla Pesa, ambalo umbali wake ni urefu wa fimbo ya waya.

Watoto hawakukawia kupanga mashindano. Njia ilikuwa kutoka mgunga mmoja hadi mwingine, katikati kuna laga, mkondo wa maji ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Aliyeshika lori la waya alikuwa mvulana wa miaka kama kumi, miguu peku.

Kwenye ardhi ngumu rimoti ilipaa. Ilimwacha mvulana hatua ishirini, thelathini, vumbi likisimama nyuma yake kama mkia. Mwenye rimoti alilazimika kukimbia pia ili mawimbi yasimpotee. Kisha ikashuka lagani, na baada ya urefu wa magari mawili au matatu ikasimama. Mota ililia, matairi ya nyuma yakazunguka, na kadiri yalivyozunguka ndivyo yalivyojizika.

Hapo nilielewa jambo ambalo mzee hakuwahi kulieleza kwa maneno. Gurudumu lenye mota hujivuta lenyewe. Likikosa pa kushika, huchimba. Gurudumu la gari la waya halijivuti. Nguvu inatoka kwenye miguu ya mtoto, nalo kazi yake ni kubingirika tu, na soli ya slipa yenye upana wa vidole viwili hulala juu ya mchanga badala ya kuukata. Lori lilivuka. "Warya, kimbia!" wenzake walipiga ukelele. Kwenye ukingo wa pili liligonga jiwe, ekseli ikapinda. Mvulana alichutama, akaibana kati ya magoti, akainyoosha, akalitazama gurudumu mara moja, akaondoka. Alipofika kwenye mgunga, yule mwingine alikuwa bado anapuliza mchanga kwenye giya za gari lake.

Ukweli wote ni kwamba jioni walirudia mbio hizo kwenye saruji ya mbele ya duka, na huko rimoti ilishinda kila mara, tena kwa mbali. Kila gari lina ardhi yake. Lakini ardhi ya Isiolo kwa sehemu kubwa si saruji, na mzee aliunda lori kwa ajili ya ardhi iliyopo.

Kenya ilikwisha kuliona jambo hili kwa ukubwa wake. Mwaka 1965 dereva wa mbio za magari Joginder Singh, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda Safari Rally kwa Volvo PV544. Halikuwa gari jipya: lilikuwa limekwisha kukimbia Safari ya mwaka uliotangulia, na umbo lake lilitokana na muundo wa miaka ya 1940. Mwaka uleule Volvo ilifunga utengenezaji wa aina hiyo. Joginder alikulia kwenye gereji ya baba yake, na mikono yake ilijua spana kabla ya kujua usukani wa mashindano. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Napenda kuamini kwamba mtu aliyefungua na kufunga gari kwa mikono yake husikia, katikati ya matope na usiku, lile ambalo dereva mwingine hulijua tu chuma kinapokatika.

Na hapo ndipo ubora wa gari la waya ulipo. Rimoti hupeleka amri, basi. Fimbo ya waya hupeleka amri na kurudisha habari. Kila kokoto, kila mteremko, kila ungio linaloanza kulegea hupanda kwenye ule waya hadi kiganjani. Ndiyo sababu yule mvulana alijua ekseli imepinda kabla hajainama kuitazama. Mzee naye, akimaliza lori, hulisukuma hatua chache akiwa amefumba macho.

Siku ya pili kijana wa Nairobi alikuja kibarazani kwa mzee peke yake, bila gari lake. Alimwamkia, "Shikamoo, babu," akaketi kwenye mkeka. Hakuomba kitu. Mzee aliitikia, akamtazama kidogo, kisha akapekua rundo lake na kumpa waya uliojipinda kila upande, pamoja na nyundo.

Kijana aligonga muda mrefu. Mwishowe aliuinua waya mbele ya jicho, akauelekeza angani.

"Bado," akasema mwenyewe, na akaurudisha jiweni.