Majina ya Rangi katika Istilahi za Umeme

Katika tafsiri kadhaa za maelekezo ya ufundi tulizozipitia, waya wa moto umeitwa "waya mwekundu", na wa nyutro "waya mweusi". Majina haya yametokana na utaratibu wa zamani wa Uingereza. Hatuyakubali, kwa sababu yanakitaja kitu kwa vazi lake badala ya kazi yake. Na vazi hubadilika.

Mwaka 2004 Uingereza ilibadili rangi za nyaya za majengo: waya wa moto ukawa wa kahawia, wa nyutro ukawa wa buluu, na wa ardhi ukabaki wa kijani na manjano. Katika umeme wa fezi tatu, nyeusi iliyokuwa ya nyutro sasa ni ya fezi mojawapo. Buluu iliyokuwa ya fezi sasa ni ya nyutro. Fundi anayeshika "waya mweusi" kwa kuamini kitabu cha zamani huenda akashika mauti.

Majina ya rangi nayo yanayumba. Kahawia huitwa pia hudhurungi, na katika mazungumzo "-eusi" huweza kubeba hata buluu iliyokoza. Mazungumzo hustahimili ulegevu huo, umeme haustahimili.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi itaje kazi: waya wa moto, wa nyutro, wa ardhi. Rangi ifuate kama maelezo, kwa jina moja kitabu kizima, na utaratibu unaofuatwa utajwe mwanzoni. Wafasiri na walimu wa ufundi wanaombwa watuletee maoni yao.