Uzi Huu Umetoka Wapi?

Mwaka 1981 jarida la Science lilichapa makala ya kurasa tatu tu ya Samuel David na Albert Aguayo, watafiti wa Montreal, Kanada. Aguayo, mzaliwa wa Bolivia, alikuwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu katika Hospitali Kuu ya Montreal na mwalimu wa Chuo Kikuu cha McGill. Dai lao lilipingana na somo lililokuwa likifundishwa kwa zaidi ya nusu karne. Walisema kwamba seli za neva za ubongo na za ugwe wa mgongo, hata katika mnyama aliyekwisha kukomaa, zinaweza kuotesha upya nyuzi ndefu zikipewa njia ya kupita. Njia waliyozipa ilikuwa kipande cha neva ya mguu, kilichoungwa kama daraja. Wengi wanaosimulia habari hii hulisifu daraja hilo. Kwangu daraja lilikuwa sehemu nyepesi ya kazi. Ugumu ulikuwa kuonyesha pasipo shaka nyuzi zilizokutwa humo zilianzia wapi, na swali hilohilo ndilo lililotikisa karibu kila dai la kutengeneza ubongo na ugwe wa mgongo lililofuata.

Neva ya mkono ikikatwa kwa panga huweza kuota tena, kiasi cha milimita moja kwa siku, mradi ncha zake zikutanishwe vizuri. Uzi wa ndani ya ubongo au ugwe wa mgongo ukikatwa huchipua kidogo pale penye jeraha, kisha hukwama. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania alilieleza jambo hili kwa kirefu katika kitabu chake cha 1913 na 1914, na kwa uzito wa jina lake likawa kama sheria. Husahaulika kwamba Cajal huyohuyo hakuzilaumu seli peke yake. Alishuku pia mazingira zinamoishi. Alikuwa na sababu. Mwaka 1911 mwanafunzi wake, Francisco Tello, alikuwa amepandikiza vipande vya neva ya mguu katika gamba la ubongo wa sungura, na akaona nyuzi zikiingia ndani ya vipande hivyo.

Tello hakuaminiwa, na waliomtilia shaka hawakuwa wakaidi. Rangi ya madini ya fedha aliyoitumia hupaka kila uzi wa neva kwa namna moja, uwe umetoka kwenye ubongo au kwingineko. Utando unaoufunika ubongo una neva zake, na kuta za mishipa ya damu zina zake pia, na hizo zote ni za aina ile inayojulikana kuota. Nani angeapa kwamba nyuzi alizoziona hazikutambaa kutoka huko? Katika miaka ya 1940 Wilfrid Le Gros Clark wa Uingereza alilirudia jaribio hilo na hakuridhika nalo. Mambo yakalala.

Kilichoyaamsha ni kimeng'enya kiitwacho peroksidasi, kinachotolewa katika mzizi mkali ambao Wazungu huula kama kiungo cha nyama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 iligundulika kwamba ncha ya uzi wa neva ikipakwa kimeng'enya hiki, uzi hukinyonya na kukisafirisha kinyumenyume mpaka kwenye mwili wa seli iliyouzaa. Baadaye ubongo hukatwa vipande vyembamba, hutiwa kemikali inayofanya kimeng'enya kitoe rangi, na chini ya hadubini seli yenye uzi huo huonekana pale ilipo. Fundi umeme akikuta nyaya ishirini ukutani hana haja ya kuuliza kama waya upo. Anachotaka kujua ni kila mmoja unaanzia swichi gani. Tello alikuwa na macho ya kuona nyaya. Aguayo na wenzake walipata namna ya kuzifuata hadi kwenye swichi.

Jaribio lenyewe lilipangwa kwa akili, na hapa inafaa kwenda taratibu. Walichukua kipande kirefu cha neva ya siatiki, ile kubwa ipitayo pajani, kutoka kwa panya yuleyule aliyefanyiwa upasuaji, hivyo mwili haukuwa na sababu ya kukikataa. Ncha moja waliichomeka kwenye sehemu ya chini ya shina la ubongo na nyingine kwenye ugwe wa mgongo, usawa wa kifua. Sehemu yote ya kati waliilaza nje ya mifupa ya uti, mgongoni mwa mnyama.

Kulaza daraja nje kulifunga milango mitatu ya shaka kwa mpigo. Mwaka mmoja kabla, maabara hiyohiyo ilikuwa imeweka kipandikizi cha neva ndani ya ugwe wenyewe, mahali palipoondolewa kipande, na nyuzi za jirani zikaingia. Lakini ndani ya ugwe kuna msitu wa nyuzi, na mpinzani haishiwi hoja. Nje ya mifupa msitu huo haupo. Pili, neva iliyong'olewa kwa seli zake hufa nyuzi zote, zikabaki ala tupu pamoja na seli za Schwann zinazozilea. Uzi wowote hai utakaokutwa humo miezi kadhaa baadaye ni mgeni. Tatu, daraja lililo nje linaweza kukatwa katikati bila kuugusa ubongo wala ugwe. Ndivyo walivyofanya: walilikata, wakapaka peroksidasi kwenye ncha zilizokatwa, wakasubiri.

Rangi ilijitokeza ndani ya seli za shina la ubongo kwa upande mmoja na ndani ya seli za ugwe wa mgongo kwa upande wa pili. Nyuzi zilikuwa zimesafiri takriban milimita 30. Kwa mnyama mwenye kimo cha panya huo ni urefu mkubwa, na seli nyingine zilikuwa zimeotesha uzi mrefu kuliko zinavyohitaji katika maisha yao ya kawaida. Hivyo udhaifu haukuwa wa seli peke yake. Badilisha mazingira yanayouzunguka uzi, nao utaota.

Panya hakuponywa, na waandishi hawakudai hivyo. Seli zilizoitikia zilikuwa chache, nyingi zikiwa jirani kabisa na mahali daraja lilipochomekwa. Kikwazo kibaya zaidi kilikuwa upande wa kushukia: nyuzi zilizosafiri sentimita tatu ndani ya daraja zilifika mwisho wake, zikaingia tena katika tishu ya ugwe, na zikasimama baada ya umbali mfupi sana. Nadhani matokeo haya ya pili yana thamani sawa na yale ya kwanza. Seli ileile ilikimbia katika mazingira ya neva ya mguu na ikagoma kwenye mazingira yake ya asili.

Baadaye Aguayo alihamia kwenye jicho, uamuzi ninaouhesabu kuwa bora kuliko yote aliyofanya. Nyuzi zote zinazopeleka picha ubongoni hupita katika neva moja, na neva hiyo huweza kukatwa yote bila kubakiza hata uzi mmoja. Kundi lake liliweka daraja kutoka nyuma ya jicho hadi kwenye kituo cha kuona kilicho katika ubongo wa kati. Mwaka 1987 walionyesha kwamba baadhi ya nyuzi hufika huko na kuunda miunganiko na seli za hapo. Mwaka 1989, wakitumia hamsta, walimulika mwanga jichoni na kunasa mwitikio wa umeme wa seli za kituo hicho. Njia nyingine ya ishara hiyo haikuwapo. Nyuzi zilikuwa kidogo sana, lakini asili yake haikubishaniwa.

Swali likawa: ni nini kinachozizuia nyuzi nyumbani kwake? Martin Schwab wa Uswisi alilivamia kwa njia rahisi ajabu. Pamoja na Hans Thoenen, aliweka seli changa za neva katika sahani ya maabara, mbele yake vipande viwili, kimoja cha neva ya siatiki na kingine cha neva ya jicho, na akazipa chakula cha ukuaji kwa wingi. Nyuzi ziliingia katika siatiki, zikaikwepa neva ya jicho. Kama tatizo lingekuwa njaa, zingeingia kote. Kwa hiyo palikuwa na kitu kinachosukuma nyuzi zirudi nyuma, nacho kilipatikana katika mielini, ule utando wa mafuta na protini unaozifunga nyuzi za ubongo na ugwe.

Schwab na Pico Caroni walitengeneza kingamwili ya kukiziba kitu hicho. Mwaka 1990 Lisa Schnell na Schwab waliripoti kwamba katika panya wachanga waliokatwa njia ya neva inayoshuka kutoka kwenye gamba la ubongo, kingamwili hiyo iliwezesha baadhi ya nyuzi kufika milimita 7 hadi 11 chini ya jeraha, ilhali katika panya wasioipata hazikuzidi milimita moja isipokuwa kwa nadra. Miaka 10 baadaye makundi matatu, likiwemo la Schwab na lile la Stephen Strittmatter, daktari wa mishipa ya fahamu wa Chuo Kikuu cha Yale, yalitangaza kwa pamoja katika jarida la Nature jeni la protini yenyewe. Iliitwa Nogo. Mwaka 2001 kundi la Strittmatter likakitaja kipokezi chake.

Hapo ndipo swali la Tello liliporudi kwa kishindo. Mwaka 2003 maabara tatu zilichapa, katika toleo moja la jarida la Neuron, matokeo ya vipanya waliozaliwa bila Nogo. Kwa Strittmatter nyuzi ziliota vizuri. Kwa Schwab ziliota kwa kiasi. Kwa Marc Tessier-Lavigne wa California hazikuota. Mbari za vipanya zilitofautiana, umri ulitofautiana, na namna jeni lilivyoondolewa haikuwa moja, kwa hiyo kila upande ulikuwa na la kujitetea. Mwaka huohuo Oswald Steward, akishirikiana na Binhai Zheng na Tessier-Lavigne, aliandika makala ambayo ningependa kila mwandishi wa habari za tiba aisome. Alionya kwamba jeraha la ugwe wa mgongo huacha nyuzi zilizonusurika mara nyingi kuliko tunavyodhani. Mtafiti akiukuta uzi chini ya jeraha anashangilia ufufuo, kumbe uzi huo haukuwahi kufa. Akaorodhesha dalili za kutofautisha: uzi ulioota upya hupita kwa kujipindapinda, hautoki katika jeraha kwa mstari ulionyooka, na wala haupaswi kuonekana mbali kuliko muda wa kuota unavyoruhusu.

Kwa kipimo hicho, kazi ya Henrich Cheng, Yihai Cao na Lars Olson wa Sweden ya mwaka 1996 inasimama vizuri kwa jambo moja. Waliondoa milimita 5 nzima za ugwe wa panya kabla ya kuweka madaraja 18 ya neva za mbavuni, hivyo hapakuwa na cha kunusurika. Habari ya mwaka 2014 kutoka Poland ni ngumu zaidi kuipima. Mgonjwa mmoja, aliyekatwa ugwe kwa kisu, aliwekewa seli za mfumo wa kunusa pamoja na vipande vya neva ya mguu, na akarudisha sehemu ya mwendo na hisia. Alikuwa mtu mmoja, bila wa kulinganishwa naye, amefanya mazoezi mengi mno, na ukanda mwembamba wa tishu ulikuwa umesalia pembeni mwa jeraha. Magazeti yalitangaza muujiza. Madaktari wenyewe waliandika kwa uangalifu zaidi.

Kingamwili ya Schwab ilifika kwa binadamu katika jaribio la hospitali kadhaa za Ulaya. Wagonjwa 126 walioumia ugwe wa shingoni siku chache au wiki chache tu zilizotangulia walipewa sindano za mgongoni, wengine zenye dawa na wengine zisizo na dawa, bila kuambiwa nani kapata ipi. Kipimo kikuu kilikuwa nguvu za mikono baada ya miezi 6. Makundi mawili hayakutofautiana kwa namna inayoweza kutegemewa. Wagonjwa ambao ugwe wao haukukatika wote walionyesha dalili ya nafuu. Kundi hilo ni lilelile ambalo nyuzi zilizonusurika zimo kwa wingi, na ambalo hupata nafuu kiasi hata bila dawa.

Huenda dawa ilizisaidia nyuzi hizo zilizobaki zichipue matawi mapya, jambo ambalo katika panya limeonekana mara nyingi na kwa mgonjwa lingekuwa neema tosha. Lakini binadamu hapakwi peroksidasi wala hakatwi vipande baada ya jaribio. Kwake swali la asili ya uzi linajibiwa kwa hesabu peke yake, yaani jaribio jipya la wagonjwa wa kundi hilo tu, wagawanywe kwa bahati nasibu tangu mwanzo, na wale wa sindano tupu wawe wengi vya kutosha kuonyesha mwili hujirudishia kiasi gani wenyewe.